Watakuuliza Ndugu Zako ni Nani

Rumonge, alasiri, siku moja kabla ya safari

Mwanangu Idi,

Salamu tumepeana asubuhi na tutapeana tena kesho, kwa hiyo hapa sizirudii. Mambo ya mkeka, sabuni, na kutooga palipo na mamba, mama yako ameshakwambia, na nimekusikia ukiitikia bila kusikiliza. Sitayaongeza. Ninaandika kwa sababu lipo jambo nililojaribu kukwambia kwa mdomo mara mbili wiki hii, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama umewalisha kuku.

Unakwenda Usumbura kusoma katika shule ya serikali. Shule inafundisha, kumlaza na kumlisha mtoto wa mbali si kazi yake. Wewe utakaa katika nyumba ya Waswahili wa pale mjini, waliofanya chama cha kuwatunza wanafunzi wanaotoka huku kusini mwa ziwa. Watakupa chakula, kanzu mbili na kibao cha kuandikia, na jioni vijana waliotangulia watakusomesha ulichokosa mchana. Kwangu hawataki kitu. Hawakutaja rupia, hawakutaja mawese, hata samaki wetu wadogo, ndagala, hawakuomba.

Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza. Mwaka wa kumi huu ninapeleka habari za mwambao huu kwenye gazeti linalochapwa pwani ya bahari: mvua imechelewa, mtumbwi umezama, simba kaonekana njia ya Kizuka, fulani kafariki. Kazi hiyo imenizoesha swali moja, nani anapata nini. Mtu akisema hapati chochote, ama anadanganya, ama siku yake ya kudai haijafika.

Na barua iliyokuita haikusema tulete mtoto yeyote wa Rumonge. Ilisema, "Niletee mdogo wangu Idi." Mwandiko ulikuwa mzuri, bila doa la wino, na chini palikuwa na jina: Sefu bin Hamisi.

Hamisi ni mimi. Nawe unajua una kaka mmoja tu, Bakari wa Gitaza. Uliponiuliza Sefu ni nani, nilikujibu kwamba ni ndugu wa mbali. Huo ulikuwa uongo, na ninaufuta hapa.

Kaka yako Bakari alizaliwa akaitwa Sefu.

Miaka saba iliyopita, wewe ukiwa bado unalelewa Kizuka kwa bibi yako, jumbe alikuja mtaani kwetu na amri ya boma: kila nyumba kubwa itoe mtoto wa kiume aende shule. Watu walikusanyika barazani kwa jumbe na kila mmoja alikuwa na habari yake. Mmoja alisema watoto watafanywa askari na kupelekwa nchi isiyojulikana. Mwingine alisema wataingizwa dini nyingine. Niliwauliza mmoja mmoja nani ameona kwa macho yake. Hakuna aliyeona. Ilinipasa niishie hapo, maana ndivyo ninavyofanya na habari nyingine zote. Lakini safari hii habari ilikuwa ya mtoto wangu, nikaamini nisichokipatia shahidi.

Jumbe alikwishaandika jina: Sefu bin Hamisi. Jina lilikuwa limekwenda boma. Mtu wa kulivaa ndiye aliyekuwa bado hajaondoka.

Nyumbani kwetu alikuwapo mwanamke akiitwa Tausi. Alikuwa mjakazi wa baba yangu tangu Ujiji, na baba alipokufa alibaki kwangu. Watu wetu hupenda kusema "mtu wa nyumbani". Ninaandika mjakazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa akikamua mawese. Alikuwa na mwana, Mabruki, wa umri wa Sefu wetu, na walilala chumba kimoja. Sikumwomba Tausi. Nilimwarifu. Nilimkuta kwenye chungu cha mawese, nikamwambia Mabruki ataondoka kesho kwa jina la Sefu.

Hakulia wala hakubisha. Aliuliza, "Atarudi lini?"

Nikasema, akimaliza.

"Akimaliza nini?"

 Nilimwambia moto wake umezidi.

Usidhani nilikuwa peke yangu. Katika watoto sita walioondoka siku ile, wanne ninajua kwa hakika hawakuwa wale walioandikwa. Huyu alimtoa mpwa yatima, yule mtoto wa mtumwa, na tulipokutana msikitini hatukutazamana. Nimekuta mara nyingi kwamba jambo likifanywa na mtaa mzima huacha kuitwa kosa. Huitwa busara ya wazee.

Kilichofuata hatukukihesabu. Jina likishaondoka, aliyebaki hana jina. Askari walikuwa wakipita mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, kutafuta watoro wa shule, na mama yako alikuwa na desturi ya kumwita mwanawe kwa sauti kutoka mlangoni mpaka ziwani. Siku moja askari aligeuka akauliza ni Sefu yupi anayeitwa. Mama yako alisema anamwita mbwa. Tangu siku hiyo kaka yako akawa Bakari. Uliporudi kutoka Kizuka ulimkuta Bakari, hukuwa na sababu ya kuuliza. Alivua ndagala, akahamia Gitaza kuzianika, akaoa. Hajui kusoma. Ukimwona anashika barua yako kichwa chini, usicheke. Nafasi ile ilikuwa yake.

Sasa nakuja kwenye kosa lenyewe, maana yote niliyoyaandika mpaka hapa mtu anaweza kuyaita hofu.

Mabruki alikaa Usumbura na sikumpelekea kitu. Mitumbwi ilikwenda kila wiki. Kikapu kimoja cha ndagala kisingenipunguzia chochote. Lakini niliona kwamba nikipeleka, mtu atauliza kinakwenda kwa nani na kinatoka kwa nani, na swali moja huzaa la pili. Nikanyamaza, nikauita unyamavu wangu tahadhari.

Mwaka wa pili, wakati wa masika, Tausi alishikwa na homa. Siku tano. Siku ya nne aliniambia, "Bwana, mpe habari mutoto." Nikasema nitaandika. Alikufa, tukamzika upande wa michikichi, njia ya Kizuka. Nikakaa na kalamu. Mimi ninayeandika vifo vya watu nisiowajua. Barua za wanafunzi zilipitia mikononi mwa watu. Ningemwandikiaje Sefu bin Hamisi kwamba mama yake amefariki, ilhali mama yake Sefu yupo jikoni anatwanga? Nilitafuta maneno ya kuzungusha. Sikuyapata, na sikuandika. Ukitaka kunijua, nijue hapo.

Kwa hiyo barua yake ilipofika mwezi uliopita, ikikuita mdogo wake, nilifikiri mambo matatu. Kwanza, anataka kulipiza, akufanye mtumishi kama mama yake. Pili, anataka kunishitaki boma. Tatu, jina lake liko katika kitabu cha serikali kuwa ni mwanangu wa kwanza, na siku nikifa atakuja kudai nyumba. Yote matatu yangekuwa haki yake. Hilo halikunituliza.

Ndipo niliposema ninakwenda Usumbura kuuza mawese. Niliyauza, lakini sikwendea hayo. Nilikaa siku tatu nikiichunguza ile nyumba kama ninavyochunguza habari ya simba: kwanza nyayo, halafu watu.

Nilitazama vyungu. Uji asubuhi, ugali na ndagala usiku, maharage siku ya soko. Vijana wanaosha vyombo kwa zamu, wakubwa kwa wadogo, na hilo nililihakikisha kwa kurudi saa nisizotarajiwa. Hakuna aliyekuwa akitumwa dukani kwa mtu. Fundi cherehani anawashonea kanzu. Nilimuuliza anapata nini, akasema akiwa na kitambaa kilichobaki mkono mmoja urefu hana wa kumuuzia. Kijana anayemaliza shule na kupata kazi hatakiwi kurudisha alichokula. Anapewa siku moja katika kila mwezi, na siku hiyo chakula cha nyumba nzima ni juu yake. Niliwauliza wawili kama wanaitimiza. Mmoja alisema ndiyo. Wa pili alisema mwezi uliopita alikwepa, na Mama Zena alikuja kazini kwake na sufuria tupu akaiweka mezani mbele ya wenzake.

Huyo Mama Zena ndiye aliyeanza chama. Ni mchuuzi wa samaki, mwanamke wa Kabezi, mfupi, ana sauti ya kuvuka mto. Nilipomfikia sokoni alikuwa ameshasikia habari zangu.

"Amahoro, bwana gazeti. Andika basi kwamba ndagala za Rumonge zina mchanga."

Nikamwambia mchanga anautia mwenyewe ili zipate uzito. Wenzake walicheka, naye alicheka, akanisogezea kigoda. Nikamuuliza kwa nini anawalisha watoto wa watu.

"Zamani nilikuwa na karani mmoja wa kunisomea barua," alisema. "Alisoma alichotaka. Sasa iko vijana ishirini pale. Wa kwanza ananisomea. Nikimtilia shaka, namwita wa pili. Wakigongana, namwita wa tatu, na yule mwongo siku hiyo hali."

Hapo nilitulia kidogo. Mtu mwenye sababu yake ninamwelewa. Nilimuuliza ilianzaje, akaniambia kuhusu mtoto aliyemkuta mwaka wa kwanza wa shule, amelala chini ya meza yake ya samaki. Wenzake walikuwa wanaletewa vikapu kutoka kwao. Yeye hakuletewa. Alimuuliza, "Wewe huna watu?" Mtoto akasema anao, baba yake ni Hamisi wa Rumonge, mtu mkubwa, anaandika gazeti.

Mama Zena alinitazama usoni alipokuwa akisema hivyo. Sijui anajua kiasi gani. Alinifungia samaki wawili nisiowaomba, akakataa malipo, nami nikawabeba kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake.

Siku ya tatu nilimwendea Mabruki mwenyewe. Sasa anafundisha watoto wadogo, na jioni ndiye mkuu wa ile nyumba. Amerefuka. Mbele ya vijana aliniamkia, "Shikamoo baba," akanishika mkono kwa mikono miwili, na vijana wote wakaniamkia. Tulipotoka nje wawili aliuachia mkono.

"Bwana umefika salama?" alisema. Bwana, kama zamani.

Nikamuuliza anakutakia nini.

"Kusoma."

"Na zaidi?"

"Bwana, wewe ni mtu wa habari. Neno moja halikutoshi. Lakini mimi ninalo hilo moja."

Nikamwambia nimesikia desturi yao, kwamba mtoto akiletwa husimamishwa mbele ya wanachama wote, na mtu wa kwao aliyemleta husimama naye, na hapo huulizwa: jina lako nani, mama yako nani, ndugu zako nani. Nikamwambia desturi hiyo imetengenezwa kunitega mimi. Sikuipamba kauli yangu.

Aliurudisha mlango nyuma yetu. Halafu alinieleza, na ninakuandikia kama alivyosema, bila kuongeza.

"Mwaka ule mama yangu alipokufa, mtu wa mtumbwi kutoka Rumonge alinikuta mwaloni na wenzangu. Akasema, pole kwa mama yako, tulimzika vizuri. Wenzangu wakageuka. Wanajua mama yake Sefu ni mke wa Hamisi, na juzi tu mtu wa kwenu kasema kamwona mzima. Nikasema, umekosea, mama yangu mzima. Nikacheka. Yule mtu akasema ah, samahani. Nikaenda nao mpaka shuleni ninacheka." Akaongeza, "Ndiyo maana hapa tunauliza. Siku ya habari mbaya, tujue habari ni ya nani."

Hakungoja niseme kitu. Aliniuliza kaburi liko upande gani. Nilimweleza: njia ya Kizuka, michikichi mitatu iliyokaribiana, upande wa ziwa. Akaniuliza kama kuna jiwe. Nikasema hakuna. Akanishukuru, akarudi ndani kuwasomesha watoto.

Idi, nimeyapima maneno hayo tangu niliporudi. Yanaweza kuwa ya kweli na bado yakawa mtego. Nimewaona watu wakivua kwa chambo halisi. Sijaacha kumshuku. Mtu niliyemfanyia hivyo akinitendea wema, siwezi kulala chali. Lakini nilipojaribu kuorodhesha ushahidi dhidi yake, sikupata hata mstari mmoja. Ushahidi wote uliniangukia mimi. Ninachokushauri ni hiki tu: ukimshuku mtu, kwanza angalia ni nini ulichomfanyia. Mimi ningeokoa miaka saba.

Mama yako nilimwambia jana kwamba nitakueleza. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Baba Idi," alisema, "miaka saba ninamwita mutoto wangu jina la watu. Sasa unataka nikusifu?" Nikasema sitaki. "Basi mwambie yote. Usimwambie nusu, atakwenda kuulizwa nusu iliyobaki."

Na kweli utaulizwa. Niliagiza mjomba wako wa Kizuka ndiye akupeleke na kusimama nawe. Kwa watu nimesema mguu unaniuma. Hauniumi. Mjomba hajui lolote katika haya, kwa hiyo wakifika kwenye ndugu atakutazama wewe, na wewe ndiye utakayejibu, mbele ya wanachama wote, na yeye Sefu au Mabruki ameshika kitabu cha majina.

Nilikuwa nimekuandikia jibu. Kwanza niliandika useme una kaka mmoja, Bakari. Nikaona hilo linamfanya mkuu wa nyumba mwongo mbele ya vijana wake. Nikafuta, nikaandika useme una kaka wawili, Bakari na Sefu. Hilo linamzika Tausi mara ya pili. Nikafuta, nikaandika useme kweli yote. Kweli yote ikifika boma kwa mdomo wako, mimi nitachapwa viboko hamsa ishirini, navyo nimevistahili; lakini yeye aliyeingia kazini kwa jina lisilo lake anaweza kuipoteza kazi, na wewe utakuwa umemfukuza mlezi wako siku ya kwanza.

Karatasi imechafuka kama unavyoona. Nilipoikodolea macho niliona kitu ambacho mhariri wangu angekiona mapema. Kama mwaka ule, wito umekuja, kuna mahali pa kusimama na kusema, nami nimekaa nyumbani ninamfundisha mtoto mwingine maneno ya kusema badala yangu.

Nimetoka sasa hivi mpaka kwa mjomba wako. Nimemwambia arudi Kizuka, akaliwahi shamba lake kabla ya mvua. Hakuuliza sababu, ila alitazama jinsi ninavyotembea. Mwenye mtumbwi naye nimemwambia nitakwenda mimi.

Barua hii sitakupa hapa. Tutalala Gitaza kwa kaka yako, na huko nitakupa. Mkae mahali mtakapokuwa wawili tu, umsomee kwa sauti, pole pole, pamoja na pale nilipofuta. Akikasirika mwache. Akitaka kuja nasi, nafasi ipo.

Usumbura nitamwita yule kijana nje kabla watu hawajakaa, nimuulize anataka niseme jina gani. Akisema Sefu, nitasimama niseme huyu ni mwanangu, na kikapu chake kitakuja kila wiki kwa jina hilo, mtu na aulize anavyopenda. Akisema Mabruki, nitasema ni mwana wa Tausi aliyezikwa Rumonge, na kwamba aliyelibadili jina ni mimi, si yeye. Boma wakisikia, wanajua nyumba yangu ilipo. Akininyima jibu, nitasimama hivyo hivyo niseme la pili, kwa kuwa ndilo la kweli.

Nawe watakapokugeukia wakuulize ndugu zako ni nani, usijibu haraka. Ngoja kwanza nimalize mimi.

Baba yako,
Hamisi